Rosta, wasimamizi au mkataba wa ushauri nasaha: mwajiri aanze na kipi kupunguza msongo kazini?

Kampuni ambayo watu wake wanachoka, wanagombana na kuacha kazi kwa kufuatana huletewa ofa za namna mbili. Moja ni mkataba wa ushauri nasaha: mfanyakazi anapiga simu, anaongea na mnasihi, mwajiri analipa. Nyingine ni mafunzo kwa mameneja na wasimamizi. Ipo njia ya tatu ambayo haina muuzaji wa kuipigia debe, na kwa sababu hiyo hufikiriwa mwisho: kukaa chini na kupanga upya kazi yenyewe, yaani zamu, idadi ya watu, malengo na nani anampa nani amri. Pembeni ya hizo kuna programu za simu, siku za michezo na wafanyakazi waliofundishwa huduma ya kwanza ya afya ya akili.

Ulinganisho huu ni wa mwajiri mwenye watu kati ya 20 na 300, Tanzania au Kenya, ambaye bajeti ya mwaka haimruhusu kufanya vyote. Msimamo wetu tuuseme mapema. Sehemu nyingi za kazi zitapata nafuu kubwa zaidi fedha ya kwanza ikienda kwenye rosta na kwa wasimamizi, kisha ushauri nasaha ununuliwe kulingana na matumizi badala ya kulipiwa kwa idadi ya vichwa. Zipo sehemu ambako mpangilio huo unageuka kabisa, nazo tunazifikia mbele.

## Kabla ya kuuliza bei, jua presha inatoka wapi

Kazi hii inakula siku moja na haihitaji mtaalamu. Toa kabatini nyaraka za miezi 6: rosta za zamu, fomu za ovataimu, karatasi za ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kwa ugonjwa), likizo ambazo hazikuchukuliwa, na barua za kuacha kazi. Zipange kwa kitengo, bila majina. ED zikiwa zimelundikana kitengo kimoja wakati vitengo vingine vyenye kazi inayofanana viko shwari, tatizo liko kwenye mpangilio wa kazi ya pale au kwa msimamizi wa pale, na hakuna mnasihi atakayelimaliza. Zikiwa zimetawanyika kampuni nzima bila mpangilio wowote, huenda watu wanakuja na mizigo ya nje: madeni, msiba, ndoa, ugonjwa wa mzazi. Hapo ushauri nasaha una kazi ya kufanya.

Angalia pia likizo. Mtu ambaye hajapumzika miezi 14 mara nyingi husifiwa kuwa mchapakazi, wakati karatasi inaonyesha kuwa hakuna anayeweza kumshikia nafasi akiondoka.

Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, HSE, inagawa vyanzo vya msongo wa kazi katika maeneo sita: mzigo wa kazi, uhuru wa kuamua, msaada, mahusiano, uwazi wa majukumu, na namna mabadiliko yanavyoendeshwa. Wana dodoso la maswali 35 linalopatikana bure, na maeneo yale sita yanafaa Mwanza na Mombasa kama yanavyofaa kwao. Lakini ukiwa na watu chini ya 50, acha dodoso. Wafanyakazi wanajua kwamba “mwanamke, idara ya fedha, zaidi ya miaka mitano” ni mtu mmoja tu, na watajibu kila kitu “vizuri”. Badala yake kaa na vikundi vya watu 6 hadi 8, dakika 60, msimamizi wao asiwepo. Maswali matatu yanatosha: ni saa ngapi ya wiki kazi inakuwa ngumu kuliko zote, nini kinawafanya mrudie kazi ambayo ilishafanyika, na jambo gani mngelibadilisha kesho kama ruhusa mnayo. Matokeo ya kundi lenye watu chini ya 10 yasitolewe kwa takwimu.

Ukitaka kipimo cha kulinganisha kabla na baada, tumia WHO-5, dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani la kupima hali njema ya mtu. Ni maswali matano, jumla kati ya 0 na 25, unazidisha kwa 4 upate alama juu ya 100. Alama 50 kushuka chini ni dalili ya hali duni. Tumia wastani wa kundi tu. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kampuni kuwajazisha watu wote dodoso la sonona la PHQ-9 tena kwa majina. Swali la tisa la dodoso hilo linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mtu anaweka alama Jumatatu, fomu zinakaa kwenye bahasha, zinasomwa wiki ya pili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili kazini, uliotoka Septemba 2022, haukupendekeza wala kukataza uchunguzi wa namna hiyo, kwa kuwa haijulikani kama faida yake inazidi madhara. Kama huna mtu wa kusoma majibu siku hiyohiyo na mahali pa kumpeleka mhusika, usiulize.

## Kupanga kazi upya

Mwaka 1979 Robert Karasek alieleza jambo ambalo wasimamizi wengi wanalijua bila kulitaja: kazi inayoumiza zaidi ni ile yenye mzigo mkubwa huku anayeifanya hana kauli juu ya namna ya kuifanya. Kwa hiyo una mishikio miwili. Unaweza kupunguza mzigo, na mara nyingi hiyo ina maana ya kuajiri. Au unaweza kuongeza kauli, na hilo halina gharama kubwa.

Chukua hospitali binafsi yenye zamu tatu: asubuhi saa 1:30 hadi 9:30 alasiri, jioni saa 9:30 hadi 3:30 usiku, na usiku saa 3:30 hadi 1:30 asubuhi. Muuguzi anatoka zamu ya jioni Jumanne saa 3:30 usiku na amepangwa asubuhi Jumatano. Kwenye karatasi amepata saa 10 za kupumzika. Toa kukabidhi wodi, kungoja usafiri, kupika na kuamka saa 11 alfajiri, amelala saa tano kama ana bahati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inataka angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, ukiacha makubaliano maalum ya maandishi. Rosta kama hii huandikwa na mtu anayejaza nafasi zilizo wazi kutoka juu kwenda chini bila kutazama mstari wa mtu mmoja kutoka kushoto kwenda kulia.

Marekebisho yake ni haya. Zungusha zamu kwenda mbele: asubuhi, jioni, usiku, mapumziko. Kurudi nyuma, jioni kisha asubuhi, ndiko kunakozaa zile saa 10. Zamu za usiku za saa 10 zisizidi tatu mfululizo, na baada yake mtu alale usiku mbili nyumbani kabla hajapangwa tena. Rosta ibandikwe siku 14 kabla ya kuanza. Wafanyakazi waruhusiwe kubadilishana wenyewe, na kazi ya msimamizi iwe kuandika na kuhakikisha kila zamu ina ujuzi unaotakiwa. Hili la mwisho ndilo linaloongeza kauli. Vikao vya vikundi karibu kila mara hulitaja, na halina bei.

Kutii sheria peke yake hakutoshi, na hesabu yake ni rahisi. Tanzania wiki ya kawaida ni saa 45, na ovataimu isizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne. Gawanya: saa 12.5 kwa wiki. Mfanyakazi anayetumikishwa hadi ukingo wa sheria anafanya saa 57.5. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yaliyotoka 2021 yanaonyesha kuwa anayefanya saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Mkaguzi wa kazi hatakuta kosa kwenye daftari lako.

Tena kuna kundi linalosahaulika. Masharti ya saa za kazi ya sheria hiyo hayamgusi mfanyakazi anayewasimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mkuu wa kitengo anaweza kukaa saa 70 bila mtu kuuliza, na uchovu wake anaushusha kwa walio chini yake. Mhesabu na yeye.

Njia hii inaharibika kwa namna moja kuu: kubadili zamu za watu bila kuwauliza. Wapo waliochagua usiku kwa sababu mchana wanasoma au wana mtoto mdogo. Wapo ambao ovataimu ndiyo kodi ya nyumba. Ukiikata ghafla umewaondolea uchovu na kuwapa hofu ya mwenye nyumba, na wengi watatafuta kibarua cha pili kufidia pengo, wakaja wamechoka kuliko zamani. Punguza kwa hatua katika miezi mitatu, na fikiria kuhamishia sehemu ya akiba ya ovataimu kwenye mshahara.

Kikundi cha WhatsApp cha kazi nacho ni sehemu ya rosta, ingawa hakuna anayekiandika humo. Kanuni inayofanya kazi ni fupi: aliye zamu ya wito (anayengoja kuitwa kwa dharura) anapigiwa simu, ujumbe kwa wengine unangoja asubuhi. Huvunjwa na aliyeitunga, kwa kawaida Jumapili usiku.

## Mafunzo ya wasimamizi

Mwongozo ule wa 2022 unapendekeza waziwazi mameneja wafundishwe kusaidia afya ya akili ya walio chini yao. Swali ni mafunzo gani. Siku nzima ya hotuba hotelini, watu 60 ukumbini, ni fedha ya chakula tu. Mpangilio tunaoupendekeza ni nusu siku mbili zilizotenganishwa na wiki nne, vikundi vya watu 8 hadi 12, na zaidi ya nusu ya muda ni mazoezi ya kuongea. Katika wiki zile nne kila msimamizi afanye mazungumzo mawili ya kweli, aje aeleze kilichomkwama bila kutaja jina la mtu.

Anachopaswa kujua si kingi: kuona mtu alipobadilika kutoka kawaida yake mwenyewe, kuanzisha mazungumzo faraghani, kurekebisha kazi ndani ya uwezo wake, kuelekeza mahali pa msaada, na kumpokea anayerudi kutoka ED. Kutaja ugonjwa si kazi yake.

Pagumu ni mwanzo wa mazungumzo, hasa kijana akimsimamia mtu mzima. Tuseme msimamizi ana miaka 29 na karani wa stoo ana 52.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Naomba dakika zako kumi tukae hapa ndani, si jambo baya. Wiki hizi mbili ripoti ya stoo imechelewa mara tatu, na mimi nakujua, wewe si mtu wa kuchelewesha. Nikawaza pengine sisi ndio tumekupangia vibaya.”

Kisha anyamaze. Kimya cha sekunde kumi na tano kinachosha anayengoja, na wengi hukijaza kwa ushauri, hapo mazungumzo yanakufa. Tazama alivyotengeneza sentensi: ametaja kitu kilichoonekana na idadi yake, amelinda heshima ya mama, ameacha mlango wazi kwamba chanzo kinaweza kuwa kazi. Linganisha na “Mama, siku hizi una nini?” iliyosemwa kaunta mbele ya vijana wa mizigo. Jibu la hilo ni moja tu: “Niko salama.”

Akisema shida iko nyumbani, msimamizi aulize nini kwenye ratiba kingemsaidia wiki hii, aandike walichokubaliana (si siri aliyoambiwa), wapange siku ya kuonana tena. Asiahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote. Aseme: “Sitalisema, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini.”

Mafunzo haya hayawezi kumtibu bosi mnyanyasaji. Anayetukana watu anajua anatukana, na anahitaji utaratibu wa nidhamu. Kumpeleka semina kunawaambia wafanyakazi kwamba kampuni imeona na imeamua kumwacha. Vilevile, msimamizi mwenye watu 30 chini yake hana nafasi ya kumwona mtu alipobadilika hata ukimfundisha mwezi mzima. Punguza kundi kwanza.

## Ushauri nasaha: kwa kichwa, kwa kikao, au mnasihi wa ndani

Hapa ndipo fedha hupotea kimyakimya, kwa hiyo tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Una watu 100, kampuni ya ushauri inataka shilingi 5,000 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kwa mwaka ni 6,000,000. Mwisho wa mwaka watu 4 wametumia, kila mmoja vikao 4: vikao 16. Kila kikao kimekugharimu 375,000. Mnasihi wa mtaani kwako akikutoza 60,000 kwa kikao, vikao vilevile 16 ni 960,000. Malipo kwa kichwa yanaanza kukufaa vikao vikifika 100, yaani watu 25 wa vikao vinne. Robo ya wafanyakazi wako kuingia kwa mnasihi mwaka wa kwanza ni jambo la kutotegemea.

Muuzaji atajibu kwamba malipo kwa kichwa yana simu ya saa 24 na huduma kwa familia. Ni kweli, na kama watu wako wametawanyika mikoani au wako barabarani usiku, hoja hiyo ina uzito. Muulize tu: simu ya saa 7 usiku inapokelewa na nani, na anaongea Kiswahili?

Mambo ya kuandikwa kwenye mkataba wa aina yoyote: mtu apate mnasihi ndani ya siku 5 za kazi, vikao visipungue 4 wala visizidi 8 kabla ya kumwelekeza hospitali, mnasihi awe na sifa na msimamizi wake wa kitaaluma, mwajiri apewe jumla tu, bila jina, bila kitengo, na jumla yenyewe isitolewe kama waliotumia ni wachache mno, kumbukumbu zikae kwa mtoa huduma. Taarifa za afya ni taarifa nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, na kuzichanganya na faili la ajira ni kujitafutia kesi.

Kwa nini watu hawatumii? Sababu inayotajwa haraka ni aibu, na ipo. Lakini nyingine ni za kawaida kabisa. Namba ya simu ilitumwa mara moja kwa barua pepe wakati nusu ya wafanyakazi hawana barua pepe ya kazi. Kikao kimewekwa saa 2 usiku kwa simu, na mtu anaishi chumba kimoja na mke na watoto wawili: atasema nini kuhusu ndoa yake? Au ruhusa ya kwenda inatolewa na yuleyule msimamizi anayemlalamikia. Toa saa moja ndani ya muda wa kazi, toa chumba kisichopakana na ofisi ya rasilimali watu, na ruhusa isainiwe bila kuandikwa sababu.

Mnasihi wa ndani, wa kudumu, anafaa kuanzia watu 300 hivi au mahali penye mishtuko ya kila siku. Anaposhindwa, chanzo huwa kimoja: anaripoti kwa meneja rasilimali watu, na wafanyakazi wanahesabu hatua kutoka mlango wake hadi mlango ule mwingine. Chini ya idadi hiyo, mnasihi wa kuja siku moja kila wiki mbili ni nafuu zaidi.

Wengi wataanza kwa padri, mchungaji au shehe. Hilo si la kushindana nalo, ila lisiandikwe kuwa ndiyo huduma ya kampuni: mfanyakazi wa dini nyingine atakuwa ameachwa nje, na sonona kali inahitaji hospitali.

## Hivi vingine, kwa kifupi

Huduma ya kwanza ya afya ya akili ilianzia Australia mwaka 2000, kwa Betty Kitchener na Anthony Jorm. Inasaidia watu kulitambua tatizo na kuacha kuliogopa, lakini ushahidi kwamba inaboresha afya ya wanaosaidiwa bado ni mdogo. Ukiichagua, waliofundishwa wachaguliwe na wenzao, na wawe na kikao cha kila mwezi na mnasihi, la sivyo ndani ya mwaka hao ndio watakuwa wanahitaji msaada.

Programu za simu, semina za kustahimili, mafunzo ya utulivu: William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha mwaka 2024 uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233 za Uingereza, na walioshiriki mambo kama hayo hawakuwa na hali bora kuliko ambao hawakushiriki. Kilichojitokeza kuwa tofauti kidogo ni kujitolea kwenye shughuli za kijamii. Ulikuwa uchunguzi wa wakati mmoja, hauwezi kufunga mjadala wa nini kinasababisha nini. Hata hivyo hatuoni sababu ya kuanza na kitu hicho. Siku ya michezo ifanyeni kwa sababu ni raha.

| Njia | Inachogusa | Unachotoa | Dalili kwamba imekwama |
|---|---|---|---|
| Kupanga kazi upya | Uchovu, kukosa kauli, makosa ya zamu | Muda wa uongozi. Wakati mwingine ajira 1 au 2 | Watu wanatafuta kibarua cha pili |
| Mafunzo ya wasimamizi | Mahusiano, msaada, kugundua mapema | Nusu siku 2 kwa kila kundi | Mazungumzo yanafanyika kaunta |
| Ushauri kwa kikao | Mizigo ya nyumbani, huzuni, mshtuko | Malipo kwa kilichotumika | Miezi 6 hakuna aliyekwenda |
| Ushauri kwa kichwa | Hayo hayo, kwa watu waliotawanyika | Ada ya kila mwezi bila kujali matumizi | Ripoti nzuri, vikao vichache |
| Huduma ya kwanza ya afya ya akili | Unyanyapaa | Mafunzo na usimamizi wa kila mwezi | Watoa huduma wanajiuzulu |

## Kwa mahali pako

Hospitali, ulinzi, kituo cha simu, kiwanda na usafirishaji: anza na rosta, wasimamizi mwezi wa tatu, mnasihi wa kulipwa kwa kikao tangu siku ya kwanza kwa sababu hana gharama mpaka atumike.

Ofisi ya watu chini ya 20: mara nyingi chanzo cha presha ni mwenye kampuni mwenyewe, anayebadilisha vipaumbele kila asubuhi. Orodha ya kazi tatu za wiki, iliyobandikwa Jumatatu na isiyoguswa hadi Ijumaa, itafanya zaidi ya semina yoyote. Ukiwa na watu 20 au zaidi Kenya, sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 tayari inakutaka uwe na kamati ya usalama na afya. Iingizie ajenda hii badala ya kuunda kamati nyingine.

Mpangilio unageuka mahali ambapo kazi yenyewe ni mshtuko: gari la wagonjwa, waokoaji, wahudumu wa manusura wa ukatili, wahakiki wa maudhui ya mitandao. Huko ushauri nasaha uwepo kabla ya mtu wa kwanza kuanza kazi. Hata hivyo hautoshi peke yake. Katika kesi waliyofungua Nairobi mwaka 2023, wahakiki wa maudhui walilalamika kuhusu kiasi na kasi ya picha walizolazimika kutazama pamoja na ubora wa msaada waliopewa. Mtu anayetazama mauaji zamu nzima anahitaji mnasihi, na anahitaji pia zamu fupi.

## Anayerudi kutoka ED

Nchi hizi mbili zinatofautiana sana hapa. Tanzania likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Kenya kima cha chini ni siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu katika kila miezi 12, baada ya miezi miwili ya utumishi. Mfanyakazi wa Nairobi mwenye sonona atarudi mapema kwa sababu fedha imekwisha, hajapona. Kwa hiyo mpango wa kurudi kwa hatua una umuhimu mkubwa zaidi Kenya: wiki ya kwanza nusu siku, ya pili robo tatu, ya tatu siku nzima bila zamu ya usiku, ya nne mnakaa na kupima. Andikeni kabla hajarudi kama zile nusu siku zinakatwa kwenye siku za ugonjwa au mwajiri anazibeba. Zisipoandikwa, mtu wa mishahara ataamua mwenyewe, na mgonjwa atajua siku ya malipo. Wenzake waambiwe jambo moja tu, lile alilokubali mwenyewe liambiwe.

## Siku ya dharura

Chochote utakachochagua, ukurasa huu mmoja uwepo tayari. Mtu akisema anataka kufa: asiachwe peke yake, vitu vya kujidhuru viondolewe karibu naye (stoo ya dawa za wadudu ifungwe), mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo ampeleke hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, na ndugu aliyemchagua yeye apigiwe. Kumuuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo. Hofu ya polisi huwafanya watu wafiche. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba.

Baada ya uvamizi au ajali mbaya, usiwakusanye watu kwa duara kila mmoja asimulie alichoona. Kikao cha namna hiyo cha lazima hakipendekezwi tena na Shirika la Afya Duniani. Wape maji, usafiri wa kurudi nyumbani, simu ya kuwapigia jamaa na taarifa sahihi ya kilichotokea. Wapunguzie zamu siku tatu, na msimamizi awapigie mmoja mmoja siku ya pili. Anayeendelea kukosa usingizi au kuruka kila mlango ukigonga baada ya mwezi, mpelekeni kwa daktari, na mwandike kuwa tukio lilitokea kazini: maradhi yanayofuata mshtuko mkubwa yamo kwenye orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani tangu 2010, na dai la fidia bila fomu ya tukio huwa gumu kuthibitisha.